Kila Mtu na Wembe Wake

Watu wa mji wetu wa Baraka walipenda kusema kwamba ukienda kujifungua kwa Mama Mzalishaji bila wembe mpya, anakufukuza hata kama kichwa cha mtoto kimeshaonekana. Ni uongo. Hakumfukuza mtu. Alikuzalisha, akakata kitovu kwa wembe aliouweka akiba, kisha akakutukana mpaka ukatamani uchungu ukurudie. Mimi alinitukana mbele ya mama mkwe wangu.

"Bilamba bya mutoto umeshona, sabuni umeleta, mafuta umeleta," alisema, huku akimfunga mwanangu kitambaa. "Wembe njo umesahau? Ulifikiri mutoto atajikata kitovu na meno? Hata meno hana!"

Mama mkwe alicheka miaka mingi. Mimi sikucheka siku hiyo. Nilitoka mle nikiapa sitamsalimu tena, na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu na bakuli la uji, ananiuliza kwa nini bado nimelala.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, sijui, na sikuwahi kuuliza. Nyumba zetu zilitazamana, mimi nikiuza mawese sokoni, yeye akizalisha watoto katika chumba cha matofali nyuma ya kanisa, na hilo lilitosha. Jina lake lilikuwapo, ila hakuna aliyelitumia. Hata waume waliogombana naye walimwita Mama Mzalishaji, kwa heshima na kwa woga, maana karibu wote walikuwa na watoto waliopita mikononi mwake.

Alikuwa na adui mmoja. Watu wengine wakati ule wa vita vya pili vya nchi yetu walikuwa na maadui wengi, wa kabila hili na jeshi lile, na kila jioni walikaa kuwataja. Yeye adui wake alikuwa ugonjwa wa ini, ule ambao waliosoma wanauita epatiti na sisi tunauita manjano. Aliuzungumzia kisimani, msibani, hata kwenye harusi, mbele ya bibi harusi mwenyewe, hadi watu wakaacha kumwalika. Alikwenda bila kualikwa.

Aliyoyasema nayajua kwa moyo kama wimbo wa kanisani. Kuna manjano yanayoletwa na maji machafu, hayo chemsha maji na nawa mikono. Lakini kuna mengine, mabaya zaidi, yanayopita kwa damu. Yanatoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Yanapita kitandani kati ya mume na mke. Yanapita kwa sindano na kwa wembe. Hayapiti kwa sahani, hayapiti kwa kiti, hayapiti kwa kusalimiana. Na lile alilolirudia kuliko yote: si kila mwenye ugonjwa anageuka manjano. Mwingine anatembea nao miaka na miaka, anacheka, anaoa, anacheza ngoma, huku ini linaliwa polepole na yeye hajui.

"Dawa yake ni nini, mama?" watu waliuliza.

"Dawa hapa hakuna."

Ndivyo alivyojibu, wazi, na watu walimchukia kwa jibu hilo. Wakati ule kila mtu alikuwa na dawa ya kuuza. Kulikuwa na kijana mmoja aliyezunguka vijijini na mkoba, akichoma sindano za rangi yoyote unayotaka, na sindano yenyewe ilikuwa moja, aliipangusa kwenye suruali kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mama Mzalishaji alimkuta kwa jirani yetu akimchoma mzee mwenye macho ya manjano. Alimnyang'anya ule mkoba, akaumwaga chini, akaikanyaga sindano kwa kisigino. Kijana alipotaka kupiga kelele, aliambiwa, "Piga. Piga kelele sana, batu bakuje, nibaambie umeichoma kwa nani jana."

Kijana aliokota vidonge vyake akaondoka. Mzee alibaki analalamika kwamba amenyimwa dawa. Mama Mzalishaji alikaa naye mpaka jua likazama, akamwambia ukweli: apumzike, ale, asiguse pombe hata tone, asinywe mizizi ya mtu yeyote, maana ini lililochoka halibebeshwi mzigo mwingine. Mzee yule alipona. Alikwenda kuwaambia watu wote kwamba kilichomponya ni ile sindano, ilikuwa imeshaingia nusu.

Ndiyo hivyo. Asante ya punda ni mateke.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na wazee wa butende, yaani tohara ya wavulana. Zamani kisu kilikuwa kimoja kwa kundi zima, na wazee walikuwa na sababu yao: wavulana waliokatwa kwa kisu kimoja ni ndugu, hawawezi kusalitiana. Mama Mzalishaji, mwanamke, alithubutu kwenda kusimama kwenye njia ya kuelekea porini, mahali ambapo mwanamke hapaswi hata kutazama, akiwa na nyembe mpya kwenye kikapu. Hakuvuka. Alikaa chini katikati ya njia, akanyoosha miguu, akasema hatatoka mpaka kila mvulana apite na wake mkononi.

"Udugu wao utatoka wapi?" mzee mmoja alimuuliza kwa hasira.

"Mubapikie chakula kimoja, bakule pamoja," alijibu. "Mi pia niko na bandugu, na hakuna hata mumoja tulikatwa naye."

Walimtukana, wakamtishia laana. Mwishowe wavulana walipita, kila mmoja na wembe wake. Mwaka uliofuata wazee walimtangulia, walikuja wenyewe kumwambia asisumbuke kuja, nyembe wameshanunua. Nadhani walichoka kuona miguu yake njiani.

Msije mkafikiri nasimulia habari za malaika. Alikuwa jirani mgumu. Alifagia kabla jogoo hajawika na vumbi lote lilikuja kwangu. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kukwaruza, na ukimwambia apunguze, anaongeza. Alituhubiria habari ya kuchemsha maji, na yeye nimemwona kwa macho yangu akinywa maji ya ziwa kwa kiganja, kisha akaniambia nimeona vibaya. Aliwakataza watu sindano za ovyo, lakini yeye mwenyewe alipoumwa malaria alikataa hata sindano ya haki, tukamshika watu watatu.

Na aliogopa maji. Huyu mtu aliyewafokea wenye bunduki hakuwahi kupanda chombo. Mapigano yaliposhuka hadi Baraka na watu wakavuka ziwa kwenda Tanzania, tulimsihi ufukweni, boti imeshawashwa. Alisimama mchangani na kikapu chake.

"Mi naogopa mayi," alisema. "Masasi ya bunduki siogopi. Masasi ikikupata, unabaki inchi kavu, batu banakuona, banakuzika."

Basi akabaki. Sisi tulivuka, tukala chakula cha kambini, tukarudi kimya kimya baada ya miezi, tukamkuta yupo. Waliobaki na kushikwa na uchungu maporini walikuwa wamebebwa kwake usiku na mchana, na nyumba yangu alikuwa ameigeuza wodi. Mlango wangu aliuchoma kuni za kuchemshia vyombo. Hakuomba msamaha. "Mulango ni mbao tu," alisema.

Wakati huo ndipo alipopata vipimo vya ugonjwa wake ule. Mwenye boti mmoja, Mwislamu wa hapo pwani, ambaye mke wake aliponea chupuchupu kufa kwa kutoka damu, alikuwa akimletea kutoka ng'ambo, amevificha ndani ya gunia la chumvi ili wenye vizuizi wasiviibe. Vilikuwa vipande vyembamba vya kupimia damu. Unachoma kidole, tone moja linadondoshwa, unangoja kidogo. Mstari mmoja, damu ni safi. Mistari miwili, ugonjwa wa ini umo. Alivitumia kwa watu waliojitolea damu kwa ajili ya wazazi, na hakumwongezea mama yeyote damu ambayo hajaipima, hata mume alie vipi. Alivilinda kuliko chakula. Chanjo alikuwa anaijua pia, aliizungumzia kama ndugu aliyechelewa safarini. "Iko duniani," alisema. "Batoto ba wengine banaipata. Kwetu haijapata boti tu." Alisema hivyo kwa hasira ambayo sijaiona kwake hata alipozungumza juu ya wauaji.

Sasa niseme habari ya mdogo wangu, kwa sababu bila hiyo picha ya mama huyu haikamiliki, na kwa sababu bado inanichoma.

Mdogo wangu, Wilondja, alikwenda milimani na vijana wengine kupigana. Sikumtuma, wala sikuweza kumzuia. Huko kambini walikuwa na dawa ya kuzuia risasi: unachanjwa chale kifuani na mikononi, unapakwa unga mweusi, na unapewa miiko. Usimguse mwanamke. Usile hiki na kile. Usipokee kitu mkono kwa mkono. Ukivunja mwiko, dawa inaharibika, na haiharibiki kwako peke yako, inaharibika kwa kambi yote. Kwa hiyo mvunja mwiko hangojwi hadi vita vinavyofuata. Anauawa kabla.

Siku moja mama aliyepeleka muhogo huko juu alishuka mbio hadi kibandani kwangu sokoni. Alisema vijana watano macho yamekuwa manjano, mkojo wao mweusi, hawali, hawasimami. Mganga wa kambi amesema dawa imewakataa, wamevunja mwiko. Wamefungwa kamba. Mmoja wao ni Wilondja.

Niliacha mawese yangu wazi nikakimbilia kwa Mama Mzalishaji. Alikuwa anakula bugali. Nilimweleza nikilia, na sikumwomba kitu, nilitaka tu mtu wa kumwambia. Alinawa mikono, akatia vile vipimo kwenye kikapu pamoja na sindano mpya, akavaa viatu vyake vya kanisani.

"Unangojea nini?" aliniuliza. "Twende."

Tulipanda toka asubuhi ile hadi alasiri. Alikuwa mnene, pumzi ilimkata kila baada ya kilima, na kila kilima alikitukana kwa Kibembe. Nilimuuliza atawaambia nini. Alisema hajui, atajua akiwaona.

Tulimkuta Komanda wa kambi amekaa juu ya bidoni tupu la mafuta, mtu mrefu, mtulivu, mwenye sauti ya chini. Vijana wake walimpenda kama baba. Wale watano walikuwa wamelazwa chini ya kibanda cha majani, mikono nyuma. Nilimwona Wilondja, naye aliniona, akageuza uso. Macho yake yalikuwa kama kiini cha yai.

"Mama," Komanda alisema, "we tunakuheshimu. Lakini hii ni mambo ya dawa yetu, haikuhusu."

"Wawili kati ya hawa nilibazalisha mimi," alijibu, akionyesha kwa kidevu. "Inanihusu. Bamefanya nini?"

"Bamevunja mwiko."

"Mwiko gani?"

"Beenyewe njo banajua."

Hapo nilidhani atapiga kelele kama kawaida yake. Hakupiga. Alikaa chini, akavua viatu, akaanza kuuliza taratibu. Walichanjwa lini? Siku moja, wote pamoja? Kwa mkono wa nani? Komanda alijibu bila kuficha, kwa fahari. Wembe ni mmoja, alisema. Kiongozi anachanjwa wa kwanza, kisha wembe unashuka mstarini mpaka kijana wa mwisho, na haupanguswi, kwa sababu ukiupangusa unapangusa nguvu. Nguvu ya mkubwa inapanda kwenye wembe na kuingia kwa wadogo. Hawa watano walikuwa wa kwanza nyuma yake siku ile. Ilikuwa heshima.

Mama Mzalishaji alivuta kikapu chake karibu. Nilimjua, nikaona uso wake umebadilika.

"Nataka kubapima," alisema. "Bale batano. Na muntu yeyote mwenye anataka. Na we, Komanda."

Mganga wa kambi alisema hapana, sindano ya kizungu itaharibu dawa. Komanda aliwatazama vijana wake, wamejipanga kimya kumzunguka, na nadhani aliona kwamba akikataa, wataona ameogopa. Alinyoosha kidole.

Mama Mzalishaji alianza na wale watano, kila mmoja na sindano yake, akizitupa kwenye kopo moja baada ya nyingine. Aliwaeleza wote waliosimama: mstari mmoja, salama, miwili, ugonjwa. Tulingoja. Miwili. Miwili. Wote watano, miwili. Vijana waliosimama walisogea kutazama. Kisha kipande cha Komanda, alikiweka juu ya jiwe peke yake. Mstari wa kwanza ulitokea. Tukangoja. Ukatokea wa pili.

Alikiinua juu, watu wote wakione.

"Na we, Komanda," alisema, "ulivunja mwiko gani?"

Nilisikia bunduki ikikokiwa nyuma yangu. Niliwaza watoto wangu. Mama Mzalishaji hakugeuka kutazama. Komanda alikuwa anakitazama kile kipande.

"Mi sijavunja," alisema.

"Najua. Na beenyewe habakuvunja." Sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ya kubembeleza, kama anavyomsemesha mwanamke mwenye uchungu wa kwanza. "Sikia, baba. Ulitaka kubapatia nguvu yako. Wembe ilibapatia yote yenye ilikuwa ndani ya damu yako. Haukujua. Sasa unajua. Kama unabaua bale batoto, unabaua na kujua."

Mganga alianza kusema. Komanda aliinua mkono tu, naye akanyamaza.

"Nitakufa?" Komanda aliuliza polepole.

"Siku moja, ndiyo, kama mi. Acha pombe. Usipatie muntu damu yako. Bibi yako na batoto bakuje chini, nibapime. Na kila muntu hapa, kama munataka kuchanjana, muchanjane, mi siwezi kubakataza. Lakini kila muntu na wembe yake."

Walifunguliwa kamba. Tulishuka nao polepole, wengine wakibebwa, na hadi tulipofika bondeni nilikuwa nangoja risasi mgongoni. Haikuja. Wiki zilizofuata mwenye duka sokoni alishangaa kwa nini vijana wa milimani wananunua nyembe na ndevu hawana.

Si wote waliopona. Wilondja alilala chumba cha matofali mwezi mzima, kisha siku moja akaomba ndakala, dagaa wa ziwani, nikajua amerudi. Wengine watatu nao walisimama. Mmoja alianza kuongea ovyo, akalala usingizi usioamka, na hakukuwa na la kufanya. Msibani watu walinong'ona kwamba basi huyu kweli alikuwa na kosa lake. Mama Mzalishaji alisimama kando ya kaburi, kabla udongo haujarudishwa, akamwambia mama wa marehemu kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Mutoto yako hakuvunja mwiko. Alikufa na ugonjwa." Watu walipoguna, alirudia. Walipoguna tena, alirudia tena. Yule mama alimshika kiuno, akalia kilio ambacho alikuwa amekizuia tangu asubuhi.

Mara ya mwisho nilimwona Mama Mzalishaji kijijini Lweba, kwa dada yake, bunduki zikiwa zimeanza kunyamaza. Niliambiwa tumbo lake limejaa maji. Nilikwenda na Wilondja, tumebeba samaki na chupa ya mawese. Nilitarajia kumkuta ndani, gizani, kama wagonjwa wanavyofichwa. Alikuwa nje, kwenye kiti kando ya njia, mchana kweupe, kitenge kikiwa magotini tu. Miguu yake ilikuwa imevimba, mikono imebaki mifupa, na macho yake yalikuwa manjano kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kumwona. Wapita njia waliharakisha. Yeye aliwasalimu mmoja mmoja, kwa majina, ili wageuke wamtazame.

Nilishindwa kuzuia machozi. Aliniambia nisimlowanishe, maji ya tumboni yanamtosha. Alisema ugonjwa aliupata kazini, sindano ilimchoma kidole akimshona mama mmoja, zamani sana, na kama angeambiwa achague tena angemshona tu.

Tukiwa tumekaa, pasta alifika na mama wawili wa kanisa. Alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya. Alivuta kigoda, akafungua Biblia, akaeleza kwa upole kwamba wakati mwingine Mungu huonyesha mwilini kile kilichofichwa moyoni, na kwamba kuungama hakujachelewa.

Wale mama wawili waliinamisha vichwa. Wilondja alikunja ngumi. Mimi nilitaka kumwambia pasta aondoke.

Mama Mzalishaji alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kwa mtu.

"Pasta," alisema, "roho iko muzuri. Ombea maini."

Pasta alifunga Biblia, akasogea, akafumba macho, akaweka kiganja upande wa kushoto wa lile tumbo lililojaa, akaanza kuomba. Mama Mzalishaji alimshika mkono, akauhamisha polepole hadi upande wa kulia, chini ya mbavu, akaukandamiza hapo.

"Iko hapa," alisema. "Sasa omba."